Mwalimu Elkanah Ogweno na Zile Jumanne za Migori

Waombolezaji wapendwa, mimi ni Trizah, dada mdogo wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Mwalimu Elkanah Ogweno alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Sindo, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Barnabas na mama Priscilla, akamaliza shule ya msingi mwaka 1986 na sekondari mwaka 1990, kisha akasomea ualimu Asumbi kuanzia 1992 hadi 1994, akafundisha shule mbalimbali za Homa Bay mpaka mwisho wa maisha yake. Tarehe 20 Desemba 1997 alifunga ndoa na Roseline, wakajaliwa watoto wawili, Maxwell na Lynnet.

Mwaka 2008 alikabidhiwa timu ya soka ya Kosele Shujaa, akaifundisha miaka kumi na saba bila kuiacha.

Mwezi wa Machi mwaka huu, 2025, madaktari walimwambia kwamba figo zimechoka, na tangu hapo kila Jumatatu jioni alilala kwangu Migori, asubuhi ya Jumanne nikampeleka hospitali kusafishwa damu. Alinikataza kusema. "Trizah, vijana wakijua, watacheza wakiniangalia mimi, hawataangalia mpira."

Mwezi wa Septemba mtu alimpiga picha akitoka geti la hospitali na meneja wa timu moja ya Migori, ambaye naye alikuwa akitibiwa pale, na redio ikatangaza kwamba kocha wa Kosele anafanya mazungumzo ya siri, kila siku ikauliza ataondoka lini, watu, hata wachezaji wake, wakapiga simu wakimwita msaliti, na geti lake likaandikwa kwa rangi nyekundu, "Nenda Migori." Mimi nilikuwa nikisikia muziki wa kipindi kile, nazima redio, nawasha tena, naogopa watampiga, naogopa zaidi kwamba nitafungua mdomo.

Jumamosi tarehe 4 Oktoba mashabiki walimzomea mechi nzima, naye amesimama juani na jaketi la mikono mirefu. Alhamisi iliyofuata alianguka mazoezini, na nahodha, Mokaya, alipompandisha mkono wa jaketi ili apate hewa, akaona bandeji pale damu inapotolewa kusafishwa.

Kesho yake timu yote ilifika wodini. Mokaya alilia, akasema, "Mwalimu, mbona ulikubali tukutukane?"

Akamjibu, "Nilijua mtachoka. Sasa niambie, nani anacheza beki Jumamosi?"

Alituacha Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa kumi alfajiri, Roseline amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopaka geti rangi upya bila kuombwa, walimu wenzake, wachezaji, yule meneja wa Migori aliyetoka kitandani kuja hapa leo, na mtangazaji aliyesahihisha habari ile kwa sauti yake mwenyewe.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, sasa wote wanajua kwamba hukuondoka kwa kupenda.