Orbin Ray Muncy, Mchimba Makaa Aliyesomea Kutibu Wanyama

Ndugu, jamaa na majirani wa bonde la Turkey Fork, marehemu aliagiza wasifu huu usiwe mrefu. Alisema wachungaji wetu hawajui kufupisha, na safari hii yeye hataweza kuchomoka kupitia mlango wa nyuma kama alivyozoea.

Orbin Ray Muncy alizaliwa nyumbani kwao, hapa Turkey Fork, kaunti ya Logan, West Virginia, tarehe 9 Machi 1958, akiwa mtoto wa nne wa mzee Burl Muncy, mchimba makaa ya mawe, na mkewe Opal. Theluji ilikuwa imefunga barabara, kwa hiyo mkunga alifika amepanda nyumbu. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto alipoacha kulia aligeukia dirishani, nyumbu alikofungwa, na hakutaka kutazama kwingine.

Alisoma shule ya msingi hapa bondeni na kumaliza sekondari mjini Logan mwaka 1976. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlaani kwa utoro, maana msimu wa kuwinda rakuni usiku msituni ulipoanza, Orbin na mbwa wake hawakuonekana. Alitaka kuwa daktari wa wanyama. Mzee Burl alimwambia bila ukali, "Mwanangu, madaktari wanatoka mjini. Huku tunatoa makaa." Januari 1977 aliteremka mgodini nyuma ya baba yake.

Alimpata Nedra Blankenship kwenye chakula cha kanisa, maharage na mkate wa mahindi, akamchumbia. Nedra alimkatalia mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Sawa, lakini huyo mbwa halali ndani." Walifunga ndoa tarehe 6 Juni 1981. Mbwa alilala ndani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Twila na Dwight.

Mgodi ulifungwa Oktoba 2009, Orbin akiwa na miaka hamsini na mmoja. Wenzake walikaa kungoja ufunguliwe tena. Yeye, mwaka uliofuata, aliendesha gari hadi chuo cha ufundi kilicho ng'ambo ya milima akajiandikisha kusomea utabibu msaidizi wa wanyama: kutoa damu, kupiga eksirei, kulaza mnyama kwa dawa ya usingizi, kumsaidia daktari kwenye upasuaji. Darasa zima lilikuwa la wasichana waliolingana na binti yake. Siku ya kwanza walidhani amekuja kutengeneza mabomba. Baadaye walimwita Mjomba.

Huku nyumbani hakusalimika. Pale dukani, mnyapara wake wa zamani alimwambia mbele ya watu, "Orbin, tunasikia siku hizi umekuwa mkunga wa paka."

"Ndiyo," alijibu. "Na wewe ukiharisha njoo, nitakupimia dawa kwa kilo kama ndama."

Hakusimulia pale dukani, lakini tunasimulia leo kwa sababu alitupa ruhusa, kwamba mara ya kwanza kuona paka akihasiwa alianguka chini kama gunia. Mtu aliyewahi kuchimbua wenzake chini ya paa la mgodi lililoporomoka alizinduka akipepewa na wasichana. Kesho yake alirudi na kusimama mbele kabisa.

Mwaka wa pili kifua kilianza kumgomea. Daktari wa mapafu alimwambia aache masomo, kwani manyoya na vumbi la nyasi kavu vitammaliza. Orbin alimjibu kwamba vumbi lililokuwa na haki ya kummaliza lilishafika zamani, hayo mengine yapange foleni. Lakini chuoni kulikuwa na zoezi moja lisilokwepeka: kila mwanafunzi ambebe mbwa mkubwa kutoka kizimbani hadi mezani, peke yake. Mwalimu wao, Bi Kessinger, mama muungwana aliyemjali, alimwita pembeni akamshauri ajitoe kwa heshima kabla ya siku hiyo. Alimshukuru, asijitoe.

Siku ilipofika alipewa jike mnene wa rangi ya kahawia. Alimwinua. Katikati ya chumba pumzi ilimkatika, midomo ikageuka buluu, akapiga goti moja na mbwa mapajani. Wasichana wawili wakanyanyuka kwenda kumshika.

"Kaeni," aliwaambia. "Sijamdondosha."

Alibaki amepiga goti, kifua kikilia kama mlango mbovu, mbwa akimlamba shingo. Mtu mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama muda haujaisha. Bi Kessinger alisema, "Zoezi hili halina muda." Orbin akainuka. Akamfikisha mezani, akamlaza taratibu, akashika ukingo wa meza hadi rangi ikamrudia. Kisha akauliza, "Nani anafuata?"

Alihitimu Mei 2012. Mtihani wa leseni alianguka mara ya kwanza, akaufanya tena, akafaulu Machi 2013. Kwa miaka minane alifanya kazi katika kliniki ya Dakta Lorraine Toler, na tangu 2019 alikwenda na mtungi wa oksijeni mgongoni. Kila mnyama aliyekaribia kuchomwa sindano aliambiwa yale ambayo wachimbaji huambiana wakiingia handaki jembamba: "Inama, mwenzangu, tutapita." Nusu ya mbwa wa bonde hili wamewahi kuambiwa maneno hayo. Yule mnyapara naye alimletea wake.

Kuhusu maradhi, marehemu alikataza tusiandike kwamba alifariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Aliugua miaka kumi na miwili. Alikuwa na mapafu meusi, ugonjwa wa vumbi la makaa, alioupata mgodini kwa miaka thelathini na miwili ya kazi. Daktari aliyelipwa na wenye mgodi aliandika kwamba ni sigara. Orbin hakuvuta sigara hata moja maishani mwake. Kama yupo hapa aliyewahi kumwona nayo, asimame.

Tunamngoja.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, ameketi kitini kwa sababu kulala chali kulimshinda, mkono wake mkononi mwa Nedra. Alikuwa ametoka kumwelekeza Dwight, kwa ishara, namna ya kumfunga bandeji mbwa wa jirani, na hakuridhika na fundo.

Ameacha mjane, Nedra, watoto, Twila Farley na mumewe, na Dwight, wajukuu watatu, ndugu yake Dorsey, anayewasomea haya, wasichana wa darasa lake, ambao sasa ni watu wazima na wameketi safu ya pili, na mbwa wawili ambao hakuna aliyethubutu kuwatoa nje ya kanisa.

Apumzike, ndugu yetu. Na huko aliko, apumue.