Mama Pazia na Picha Aliyoichagua Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu, naomba mnivumilie. Kamati ya mazishi ilinipa wasifu wa mtu mwingine kama mfano, nibadilishe tarehe tu, nikaurudisha. Baba naye aliniomba niweke maneno “waliishi kwa furaha na uaminifu.” Sikuyaweka. Mama aliniagiza kwa kinywa chake mimi, binti yake mkubwa: “Siku ukisoma habari zangu, usinipake rangi.” Basi msiniangalie vibaya, mimi nimetumwa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pazia, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1950 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkunga. Miaka minne baadaye alizaliwa mdogo wake wa kiume, mjomba wetu, aliye hapa leo. Mama alimbeba mgongoni mpaka mtoto mwenyewe akaanza kuona haya mbele ya wenzake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1965. Hesabu zilimpita kushoto, lakini mwalimu wa sanaa alimwachia brashi azioshe kila Ijumaa, na wenzake wakitoka kucheza yeye alibaki kuangalia rangi zinavyochanganyika kwenye ndoo. Alikuwa akisema shule yake yote ilikuwa ndani ya ile ndoo.

Mwaka 1966 aliingia kujifunza ushonaji, na mwaka 1974 akafungua duka lake la mapazia kando ya ofisi ya posta. Yeye alipima na kushona. Mjomba alibeba ngazi, akatoboa kuta na kufunga fimbo za mapazia. Mama alikuwa na alama yake. Marinda aliyapanga matatu matatu, na chini ya kila fungu alipiga mshono mdogo wa uzi wa buluu, hata kama pazia lenyewe lilikuwa la kahawia. Wateja walilalamika, yeye akawajibu kwamba asiyetaka buluu aende kwa fundi mwingine. Hawakuenda.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na baba yetu, wakati huo karani wa ghala, mtu mpole, msafi wa kola, mbishi kwa mambo madogo. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa nifike kwenye picha, maana kumsema mama bila picha zake ni kumsema nusu. Alianza kuzikusanya mwaka 1979, kwa wachoraji ambao hakuna aliyewajua bado. Mchoraji alipata mapazia, mama akapata picha, wakaachana kila mtu akiona amepunja mwenzake. Mteja mmoja tajiri alimtaka amtafutie picha ya kufanana na kochi. Mama alimwambia picha si sare ya shule, na yule mteja akaondoka amenuna. Kwetu picha ya viti viwili vitupu ilikaa jikoni, kwa kuwa alisema inavumilia mvuke. Ya mvua ilikaa ukumbini, wageni waione wakivua viatu. Alisogeza kabati zima ili picha moja ndogo ipate mwanga wa asubuhi.

Nyumba ilikuwa na kanuni. Picha mpya haikwenda ukutani siku ilipoingia. Iliegemezwa sakafuni kando ya meza ya chakula, tukala nayo wiki nzima, kisha kila mmoja akasema: itundikwe au irudi. Na aliyesema itundikwe alitakiwa aseme kwa nini. Hata mdogo wetu wa mwisho, hajajua kufunga kamba za viatu, alitoa sababu zake. Baba kila mara alisema irudi. Ilikuwa mchezo wao, tulicheka sana.

Mwaka 1998 mchoraji mmoja alitundika kazi zake katika ukumbi wa maktaba. Mama alikwenda na baba. Alipita zote, akarudi kwenye moja: mwanamke amekaa dirishani, ametupa mgongo, anachana nywele, bega moja linapata jua. Uso wake hauonekani. Mama alisimama pale mpaka mlinzi akaanza kufunga madirisha. Ilipofika nyumbani haikukaa sakafuni hata siku moja. Baba aliitazama, akasema, “Itundike tu.” Mama alifurahi mno. Alipita kwa majirani akisema jamani, mume wangu leo amepata jicho. Kwa furaha ile hakumuuliza kwa nini. Mjomba aliitwa aje na nyundo yake, akaitundika mbele ya kiti cha mama.

Mama alikula akitazama picha ile miaka kumi na moja. Alimpenda yule mwanamke. Alituonyesha lile bega, akasema ona mtu alivyotulia. Pazia lililokuwa kando ya dirisha hakulitazama kamwe. Mapazia aliyaona kutwa, nyumbani alitaka kuona watu.

Mwaka 2009 alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Aliporudi alikuwa kama amezaliwa upya kwa rangi ya buluu, ambayo ilikuwa imefifia machoni pake bila yeye kujua. Alizunguka nyumba akiitafuta: kwenye sahani, kwenye kanga, kwenye kiatu cha mjukuu. Ndivyo alivyofika kwenye picha. Pazia la mle ndani lilikuwa na marinda matatu matatu, na chini ya kila fungu doa dogo la buluu. Alilikumbuka. Alilishona mwenyewe mwaka 1996, kwa ombi la baba, bure, kwa ajili ya mjane wa mfanyakazi mwenzake baba wa ghalani.

Mezani alimuuliza baba yule mwanamke ni nani. Baba alisema hilo ni pazia tu, yako mengi. Mama akamwita mjomba. Mjomba ndiye aliyefunga fimbo ya pazia lile, kwenye chumba kile, na alikuta pale koti la baba likining’inia mlangoni. Alikuwa anajua tangu siku hiyo. Alijua akipigilia ule msumari kwetu.

“Dada, niliogopa kukuvunjia nyumba,” alisema.

“Hukuivunja,” mama alimjibu. “Ulinitundikia.”

Nilikuwepo. Hakupaza sauti, na mimi nilitamani apaze. Amesalitiwa na mumewe, amesalitiwa na mtoto aliyembeba mgongoni, na sitasema vingine kwa kuwa leo ni siku ya msiba. Wako na wengine humu waliokuwa wanajua. Mlikunywa chai chini ya picha ile, mkamsifu mama kwa kuchagua vizuri, mkafika getini mkamcheka. Alikuja kuwajua wote, na bado aliwapimia mapazia bila kukosea hata inchi.

Tulidhani ataichoma. Alisema picha haina kosa, yeye ndiye aliyeichagua na hakukosea. Alichobadilisha ni viti. Kuanzia siku ile baba alikaa kwenye kiti cha mama, akila huku anaitazama, na mama akakaa upande wa pili, ameipa mgongo. Akamwambia, “Ulisema itundikwe. Hukusema kwa nini. Nasubiri.” Basi. Chakula hakikukosekana hata siku moja.

Mwaka 2016 figo zake zilianza kusumbua. Lazima niseme kweli yote: baba alimuuguza. Alimlisha kwa kijiko, alimfulia, alilala kwenye benchi la hospitali mpaka mgongo wake ukaharibika. Mama alimshukuru kwa kila kitu. Siku ya mwisho alimuuliza, “Leo utasema?” Baba akavuta blanketi, akalinyoosha vizuri miguuni. Mama alimtazama mpaka alipomaliza kulinyoosha. Alifariki mchana wa Jumanne, tarehe 12 Juni 2018, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, mdogo wake mmoja, mashine mbili za kushonea, na picha ambazo kila moja ina mahali pake na hazitasogezwa. Isipokuwa moja. Jana nimeishusha ile ya dirishani, nikaiegemeza sakafuni kando ya meza, pale picha zinapongojea. Kanuni ya mama haijafa. Sisi watoto tumekula nayo chakula na tumeshasema: itundikwe, kwa sababu ni nzuri na mama hakukosea kuichagua.

Baba, umebaki wewe. Kiti alichohamia mama kitakuwa wazi mbele yako. Tukitoka hapa tunakwenda kula.

Mama, wewe pumzika kwa amani. Kusubiri sasa ni kazi yetu.