Mzee Polepole, Mlezi wa Vigoda vya Mlimani

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Polepole na wengine, msikatae, mlimwita mkaidi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ya mwisho barabarani, pale lami inapokoma na mlima unapoanza. Alikuwa mtoto wa pili wa fundi mwashi na mshona nguo. Mama alisimulia kwamba asubuhi ile ilikuwa na baridi ya kukata masikio, hata maji ya ndoo yakaganda na mkunga akalazimika kuyavunja kwa mwiko. Mama alisema mtoto anayezaliwa siku kama hiyo ama atauogopa mlima ama atauoa. Hakuuogopa.

Alisoma shule ya msingi ya hapa chini, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1975. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu wake wa biolojia alimpenda kwa maswali yake, na alichoshwa naye kwa maswali hayo hayo. Likizo zote alikuwa huko juu, miti inakokoma na upepo unakuwa mwenye nyumba. Akirudi alitusimulia mpaka chakula kikapoa: nyuki wanene wenye manyoya utadhani wamevaa sweta, visungura vinavyoanika majani juu ya mawe kama mama anavyoanika mboga, jua linalobabua pua huku kivulini umande bado ni barafu. Sisi wadogo zake tulicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Mwaka 1978 aliajiriwa na kituo cha utafiti cha mlimani kuwa mtunza mimea, na hakuwahi kuomba kazi nyingine mpaka alipostaafu mwaka 2017. Mmea aliokabidhiwa ni ule tunaouita kigoda, kwa kuwa umejikunja chini, duara na mgumu, mithili ya kigoda cha jikoni. Kigoda hakina haraka. Kinachotoshea kukaliwa na mtu mzima kinaweza kuwa kimemzidi umri bibi yako. Ndani yake kuna joto kidogo, na wadudu hukimbilia humo baridi ikizidi. Ukikikanyaga mara moja, jeraha lake utalikuta mwaka ujao na wa baada yake. Ndiyo maana kaka alitembea vile mlivyomwona akitembea, akitazama kila anapoweka mguu, hata sokoni, hata kanisani. Jina la Polepole alipewa na madereva wa kituo, nao hawakumpa kwa upendo.

Alifunga ndoa mwaka 1984 na muuguzi wa zahanati yetu. Wifi ameniruhusu niseme jinsi ilivyokuwa. Alimpandisha mlimani siku nzima ili amweleze yaliyo moyoni. Wifi alifika juu hoi, akaona kitu cha kijani, duara, kimekaa vizuri, akajitupa juu yake apumzike. Kabla ya neno lolote la mapenzi, kaka akamwambia, "Inuka." Wifi husema wenzake walikaribishwa kiti, yeye aliinuliwa, na bado akakubali. Mungu aliwajalia binti, ambaye ni msusi mjini, na mwana wa kiume, ambaye ni dereva wa lori.

Sasa nije kwenye yale yaliyomla kaka, maana nisipoyasema nitakuwa nimemsomea mtu mwingine. Miaka ilivyokwenda, baridi ya huko juu ilipungua. Barafu ya kileleni ilirudi nyuma ikaacha mawe matupu. Vichaka vilipanda, na nyuma ya vichaka zikapanda nyasi ndefu za malishoni, zikavifunika vigoda na kuvinyima jua. Mnyama akihisi joto atahama. Kigoda kitahamia wapi, na juu yake kumebaki mawe na mbingu? Kaka aliomba ruhusa kwa msimamizi wa kituo, na mwaka 2014 akaanza kuvihamisha yeye mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka kwenye bega la kilele ambako nyasi zilikuwa hazijawahi kufika. Alivibeba mgongoni pamoja na udongo wake, kwa kuwa mzizi wa kigoda ukiachwa uchi unakufa. Vilishika. Tulikula nyama siku hiyo, na kwa mara ya kwanza nilimwona kaka akicheza muziki, vibaya sana.

Baada ya misimu miwili akaona jani jembamba limechomoza katikati ya vigoda. Kisha mengine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na cha kaka kilikuwa kwenye ule udongo. Mbegu za nyasi zilikuwa zimelala humo tangu kule chini, naye akazifikisha mahali ambapo zenyewe zingechukua miaka mingi kufika, kama zingefika. Alirudi nyumbani akakaa ukingoni mwa kitanda na viatu vyake. Akamwambia mkewe, "Hazikupanda hizi. Nimezipandisha mimi."

Watu walimwambia ni nyasi tu. Hata mimi nilimwambia, nami sikuelewa hasira yake. Msimamizi alimwambia hakuna aliyemlaumu. Haikusaidia kitu. Tangu hapo, kila mwaka kabla nyasi hazijakomaza mbegu, alipanda kwenda kuzing'oa kwa vidole, kwa kuwa jembe lingekata kigoda. Alistaafu akaendelea. Binti yake aliumia. Alisema baba yake ana watoto watatu, na kipenzi chake hakina miguu. Walipitisha miezi wasisemezane, na simtetei kaka katika hilo. Alikuwepo nyumbani kama mgeni anayesubiri gari.

Mwezi wa Februari mwaka huu alianza kukohoa na kuvimba miguu. Daktari alikuta moyo umechoka, akampiga marufuku kupanda hata ngazi za hospitali. Kitandani hakuuliza dawa wala chakula. Kila aliyeingia aliulizwa kama huko nje kuna joto, na mwaka huu, kwa bahati mbaya, joto liliwahi. Tulijifunza kumdanganya. Tulivaa masweta kuingia wodini huku jasho likitutoka, naye akatutazama tu. Hakumwomba mtu yeyote amwendee mlimani. Nadhani aliona aibu.

Binti yake ndiye aliyeuliza. Alikuwa akimchana nywele. Alimuuliza zile nyasi hung'olewaje, akajibiwa kwamba mkono mmoja unashika kigoda na mwingine unavuta jani kutoka shinani, taratibu, kama unafumua nywele za mtoto. Akauliza na mwaka mmoja ukipita bila mtu kwenda? Kaka akasema, "Zikidondosha mbegu, basi. Hazitolewi tena." Alifariki Jumatano, tarehe 14 Agosti 2024, alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Maneno yanayofuata hayamo kwenye kijitabu mlichoshika. Nimeyaandika leo asubuhi kwa mkono wangu, na kaka yetu mkubwa ameniomba nisiyasome. Atanisamehe.

Kijitabu kinasema binti wa marehemu atatoa shukrani. Hatatoa, kwa sababu hayupo. Juzi msimamizi wa kituo alipokuja kutupa pole, alimjulisha kwamba nyasi zimeshaanza kugeuka rangi, na kwamba pepo kali zinatazamiwa kabla ya wiki kwisha. Jana asubuhi alikwenda kumuaga baba yake chumba cha maiti, akavaa viatu vya mlimani, akapanda. Nyumbani kulichafuka. Kaka mkubwa alisema haijapata kutokea kifungua mimba akaacha jeneza la baba yake kwa ajili ya majani. Mimi nami nilisema, tena kwa sauti. Nilisema nyasi zinasubiri, maiti haisubiri. Wifi ndiye aliyetunyamazisha. Alisema, "Mwacheni. Maiti ndiyo inayosubiri. Nyasi hazisubiri."

Leo asubuhi binti amepiga simu kutoka juu, upepo ukimkata maneno. Ameniambia, "Shangazi, nyingine zimeshaanza kupukutika." Nikamwambia basi ashuke, gari la kituo litamuwahisha, amwone baba yake akishushwa. Akasema nyingi zaidi bado zimeshika mbegu, na vidole vyake vimeshazoea. Nikamuuliza kama inafaa kitu. Akasema hajui. Akakata simu, au upepo uliikata. Mimi pia sijui, na mpaka sasa sijaamua kama alifanya vyema. Nimemkasirikia, na ninamwonea fahari.

Marehemu ameacha mjane, mwana wa kiume, wajukuu watatu, kaka na dada. Ameacha pia binti, ambaye wakati huu tunaposimama hapa amepiga magoti kwenye bega la kilele, mkono mmoja umeshika kigoda.

Pumzika, kaka. Leo zamu si yako.