Burulkan Aliyetutoa Nyumba Kubwa

Ndugu Burulkan Teshebaeva, msimamizi wa maisha ya kujitegemea katika kituo chetu hapa Talas, anastaafu Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minane. Hiyo miezi minane ameniagiza mwenyewe niitaje.

Wenye vyeti waliombwa waandike wasifu huu, wote wakakumbuka kwamba wana shughuli. Nimeachiwa mimi, Kasymaly, fundi viatu wa kituo, elimu darasa la nne, natembelea kiti cha magurudumu. Nikikosea, msomaji atanisamehe. Burulkan hatanisamehe, namjua.

Aliajiriwa mwaka 1993 kuwa mfuaji nguo katika Nyumba Kubwa, lile bweni nje ya mji walikorundikwa watu wenye ulemavu ili jamaa zao wasiulizwe maswali. Vitanda vinane kwa chumba, na ufunguo mmoja mfukoni mwa mkubwa. Mimi niliingizwa humo nina miaka tisa. Nilipofika thelathini na tano, mvi zimeanza, nilikuwa bado naambiwa saa ya kulala. Burulkan akileta mashuka alikuwa na swali lake moja: ungekuwa kwako, asubuhi ungekula nini? Tulimwona mwehu. Jamaa mmoja alimjibu kwamba angekula mfuaji nguo mwenye maswali. Lakini akishaondoka, chumba kizima kilikuwa kinanyamaza, kila mtu anakula asubuhi yake kichwani.

Mashuka aliyaacha miaka minne baadaye. Alisoma masomo ya jioni, akazunguka ofisi za mji mpaka makarani wakawa wanamkimbia kupitia jikoni, na hatimaye akaruhusiwa kumhamishia mtu wa kwanza kwenye chumba cha kupanga. Mpaka leo amewatoa hamsini na watatu. Wako waliooa, wako walioachika, na mmoja anafuga nyuki na haongei na mtu. Burulkan anasema huyo ndiye aliyefaulu kuliko wote.

Zamu yangu ilifika mwaka 2003. Masharti yalikuwa mwezi mmoja wa majaribio katika chumba cha chini, mtaa wa soko la maharagwe, halafu kamati ije ione kama naweza kuishi peke yangu. Nikishindwa, narudi kitanda namba sita. Kabla ya hapo Burulkan alinifundisha wiki sita: kuwasha jiko, kufua, kukataa mifupa ambayo muuza nyama anaiita nyama. Kitu kimoja alikisahau, naye mpaka leo anasema nilikisahau mimi.

Kamati ilikuja watu watatu, mwenyekiti wao Mzee Temirkul, kofia yake ndefu kama bomba la moshi. Nikawakaribisha chai. Sasa, Nyumba Kubwa chai ilitoka kwenye ndoo kwa upawa, na aliyepungukiwa alijua ameibiwa. Mimi kwa ukarimu wangu wote nikalijaza bakuli la chai la mzee mpaka ukingoni. Kwetu hapa hata mtoto anajua kwamba mgeni humiminiwa kidogo kidogo, ili aombe tena na tena, akae. Ukimjazia, umemwambia anywe aende zake. Mimi nani angenifundisha? Tangu miaka tisa sikuwahi kuwa na mgeni.

Mzee Temirkul alilitazama bakuli, akavaa kofia.

“Mwenye nyumba ametufukuza,” akawaambia wenzake. “Twendeni.”

Nilikiona kitanda namba sita kimetandikwa. Nikalirudisha birika juu ya sahani. Burulkan, aliyekuja nao, akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kutikisa dari.

“Keti, mzee wangu,” akasema. “Miaka thelathini na sita kaka huyu hakuwa na mahali pa kumfukuza hata nzi. Leo amemfukuza mwenyekiti. Ushahidi gani tena unataka?”

Mzee akaketi. Kisha akavua kofia, akanisukumia bakuli, akaniamuru nimwage, nimimine upya kama mtu mwenye adabu. Aliomba mara saba. Barua ya kuniruhusu ikatiwa sahihi juu ya meza yangu, na doa la chai linaonekana mpaka leo.

Asifiwe, lakini asifanywe malaika. Mkate wake unaweza kutengeneza kisigino cha buti. Gari la kituo analiendesha kama anafukuza mwizi. Na alikuwa na tabia moja iliyoniudhi: alibisha hodi. Nyumba Kubwa hakuna aliyebisha, watu waliingia tu. Siku moja nilimsikia mlangoni, nikakaa kimya makusudi, nione kama ataingia. Akaondoka. Nilimngoja siku nzima ile, nikajiita mpumbavu kwa majina yote niliyonayo.

Kisha akaanza kunipunguzia siku. Kila Jumanne ikawa Jumanne moja kwa mwezi, mwisho ikawa sikukuu tu. Niliponung'unika akasema sina haja naye tena. Ni kweli, sina. Najipikia, nalipa kodi, nagombana na jirani bila msaada. Lakini kila Jumanne, mpaka hii ya juzi, nimenyoa ndevu.

Sasa anarudi kijijini kwao Kok-Sai, kilomita arobaini ukipanda bonde, kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Ametuomba tusimsumbue, apumzike. Mimi nikajua basi, tumeachana. Juma lililopita akaja seremala wa Kok-Sai kubadilisha soli, akanieleza kazi anayofanya huko: kabla ya paa, kabla ya jiko, bibi mmoja amemtaka avunje ngazi nne za mbele, aweke mteremko wa mbao. Nikamwuliza upana. Sentimita tisini. Ukoo mzima wa Burulkan hauna mtu wa kiti cha magurudumu.

Burulkan, kituo kinakushukuru, na hamsini na watatu tunakushukuru, hata yule wa nyuki, ametuma mtungi wa asali. Tunakutakia magoti mazima, majira mepesi ya baridi na mkate uliookwa na mtu mwingine. Septemba, maharagwe yakishavunwa, tunakuja. Gari tumeshaliagiza, na kumi na wanne wamejiandikisha.