Mabango Mawili ya Marehemu Verlin Odell Stroud

Marehemu Verlin Odell Stroud alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika shamba la pamba nje kidogo ya mji wa Dunmore, Alabama, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa hayati Orville na hayati Lucille Stroud. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alilia siku tatu mfululizo, akanyamaza alipowashiwa redio. Waliomfahamu wanajua kuwa tangu hapo yeye na redio hawakuachana.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hapa hapa Dunmore, akamaliza mwezi Mei 1969. Chuoni hakuwahi kusoma, ingawa ukimsikia akiizungumzia timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Pruitt, Korongo wetu, ungedhani chuo hicho kilijengwa na baba yake. Alikaa jukwaa la kusini, safu ya juu kabisa, kwenye jua na kwenye mvua, na alimzomea mwamuzi kwa jina la ukoo.

Baada ya shule alijifunza kazi ya kuandika mabango kwa mjomba wake, na mwaka 1976 akafungua karakana yake mwenyewe Mtaa wa Depot. Kila duka mjini humu lilipita mkononi mwake, pamoja na kibao cha kanisa hili. Aliandika kwa brashi, bila rula, na herufi zake zilikuwa na mkia mrefu ambao hakuna mwingine aliyeuweza. Ukiiona kazi yake ulimjua mwenyewe bila kuuliza.

Alifunga ndoa na Bi Nadine Pickard tarehe 14 Juni 1975. Wazazi wa bibi harusi walitaka harusi iwe Oktoba, hali ya hewa ikiwa nzuri, lakini bwana harusi alizikataa Jumamosi zote za mwezi huo kwa kuwa timu ilikuwa ikicheza. Bi Nadine alikubali Juni na joto lake. Alisema ni afadhali mtu aijue mapema nafasi yake kwenye foleni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Twyla na Dwight.

Marehemu aliagiza kwamba sehemu inayofuata isomwe yote, na kwamba asipambwe.

Mji huu una mzaha wake, nasi sote tunaujua. Kocha akituudhi, mtu humchomekea bango la INAUZWA kwenye majani mbele ya nyumba yake, ili aelewe kuwa ni wakati wa kufungasha virago. Mabango hayo aliyaandika Verlin. Hakuyatoza hata senti, maana aliyahesabu kuwa mchango wake kwa timu. Kwa kawaida yalichomekwa mwisho wa msimu mbaya, wakati kocha mwenyewe keshajijua.

Februari 2018 chuo kilimwajiri Curtis Toliver kuwa kocha msaidizi wa safu ya ulinzi. Toliver alikuwa ametoka Ashby, chuo cha mahasimu wetu. Kwa mtu wa Dunmore maneno hayo yanatosha. Mashabiki walikuwa wamemtaka kijana wa hapa, na walipoletewa mtu wa Ashby, kipindi cha Jumatatu cha redio kilijaa simu mpaka mtangazaji akakosa nafasi ya kusoma matangazo ya mbolea. Mmoja alidai Toliver ni jasusi. Mwingine, shemasi, alisema atairudisha tiketi yake ya msimu, na hakuirudisha. Verlin alipiga simu naye, akasema hivi: "Mwambieni asijisumbue kufungua masanduku." Mtangazaji alicheka, na mji ukacheka. Wengi mlioketi humu mlicheka.

Jumamosi iliyofuata Verlin alichomeka bango mbele ya nyumba ya Toliver, Mtaa wa Sycamore, kabla mwenyewe hajafika. Halikuwahi kutokea jambo hilo, kumfukuza mtu ambaye bado yuko njiani. Kisha yeye na rafiki zake wawili waliegesha gari ng'ambo ya barabara, wakala mikate yao ya soseji wakingoja kuona uso wa kocha.

Waliyemwona kwanza ni mama yake kocha, Bi Odessa Toliver, aliyekuwa kiti cha nyuma na chungu cha maua mapajani. Kocha alishuka, akalitazama bango, akatikisa kichwa kama mtu aliyeyazoea. Bi Odessa hakushuka. Madirisha yalikuwa wazi na mtaa ule ni mwembamba, kwa hiyo Verlin alimsikia.

"Curtis, usishushe vitu," alisema. "Wameshaiuza, mwanangu."

"Mama, ni utani tu wa watu wa mpira."

"Utani huo niliuona Birmingham. Walitutoa nyumbani, vitanda vyetu vikakaa nje siku nzima. Turudi."

Kocha alipiga goti kando ya mlango wa gari, akambembeleza muda mrefu. Wale rafiki wawili waliendelea kucheka. Verlin hakuumaliza mkate wake. Ilikuwa ni kushuka tu, kuvuka barabara, kung'oa bango na kuomba radhi. Badala yake aliwasha gari akaondoka.

Bi Nadine, ambaye hakujua bango hilo lilitoka wapi, alikwenda wiki hiyo kuwakaribisha jirani na bakuli la kuku na wali, kama desturi. Aliendelea kwenda, wakawa marafiki. Siku moja alirudi nyumbani akasimulia mezani kwamba chumba cha yule mama kilikuwa bado na masanduku yaliyofungwa kwa kamba, hata la nguo. Alipomuuliza, Bi Odessa alimjibu kwa upole, "Ya nini kuyafungua, mwenzangu? Siku tuliyofika bango lilikuwepo." Verlin aliinuka mezani akaenda karakana. Huko ndiko Bi Nadine alikomfuata, na ndiko alikoambiwa ukweli. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Basi nenda ukamwambie yeye."

Verlin aliandika bango la pili, na waliobahatika kuliona wanasema ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya: KARIBUNI NYUMBANI, FAMILIA YA TOLIVER. Rangi ilikauka. Bango likabaki karakana. Alisema atalipeleka Pasaka, kisha akasema msimu ukianza. Bi Odessa alifariki Januari 2020, na masanduku yake yalitoka nyumba ile yakiwa bado yamefungwa.

Tangu hapo Verlin hakuandika tena bango la INAUZWA, wala hakupiga simu redioni. Watu walipomuuliza alisingizia maumivu ya mkono. Wakati huo safu ya ulinzi ya Toliver ilikuwa imara kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na walewale waliomwita jasusi walikuja karakana kutaka jina lake liandikwe kwenye vioo vya maduka yao. Verlin aliliandika, kioo baada ya kioo, na kila sifa ilimchoma.

Oktoba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kibofu. Aliuguzwa kwa upendo na mkewe na binti yake. Mwaka mmoja baadaye, Verlin akiwa hospitalini, mchungaji alimwomba kocha Toliver amtembelee shabiki mzee wa timu, kama makocha wetu wafanyavyo. Kocha alikuja na mpira uliotiwa saini na wachezaji wote.

"Usiuweke hapa, kocha," Verlin alisema. "Lile bango nililiandika mimi."

"Najua, mzee. Mji huu una fundi mmoja."

"Basi nisamehe."

Kocha alivuta kiti akaketi. "La kwangu nilishasahau. Mimi hata shangazi zangu wamenizomea. Lakini la mama si langu, na mwenyewe hayupo. Hilo siwezi kukupa."

Verlin alisema ni haki, akamweleza pia juu ya bango la pili. Kocha hakuondoka mara moja. Alikaa naye mpaka chakula cha jioni kilipoletwa. Siku chache baadaye alipita karakana, akamwomba Bi Nadine lile bango la pili, akaenda nalo bila kusema la kufanyia nini.

Mwezi uliopita Toliver alipata kazi jimbo jingine. Baada ya kuhama, majirani walilikuta bango limechomekwa imara mbele ya nyumba. Maneno FAMILIA YA TOLIVER yamefunikwa kwa rangi nyeupe na mkono usiojua brashi. Yamebaki maneno mawili ya kwanza: KARIBUNI NYUMBANI.

Marehemu alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 6 Februari 2025. Ameacha mjane, Bi Nadine, binti yake Twyla na mumewe Carl Beasley, mwanawe Dwight, wajukuu wanne, na dada yake, Imogene.

Badala ya maua, aliomba jambo moja. Kocha msaidizi mpya anahamia nyumba ileile ya Sycamore, na lori lake linafika leo mchana. Naye ametoka Ashby, na tayari mmeshapiga simu redioni. Msafara wa maziko utapita hapo. Tukitoka makaburini, wenye nguvu waende wakashushe mizigo, na Bi Nadine anasihi mtu asiondoke kabla masanduku yote hayajafunguliwa.

Verlin na apumzike kwa amani. Sisi tukabebe.