Karatasi ya Marehemu

Asalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Nashukuru kunipa nafasi ya kusema kwenye kikao chetu. Mama aliyesimama kabla yangu amelia, mkampa pole, mmefanya vizuri. Pole za kwangu ziwekeni kwanza. Nimalize, ndipo mjue pa kuzipeleka.

Hapa Kinama wengi mnanijua kwa samaki wangu wa ndagala sokoni. Na mnajua mwanangu alimuua mtoto wa jirani. Hilo si siri. Msilolijua ni nani aliyefanya mtoto wa miaka kumi na sita ahukumiwe kama mtu mzima. Si polisi, si juge wa mahakama. Ni mimi niliyesimama hapa.

Nianzie mbali kidogo. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa kiume. Malaria ilimchukua hajafika miaka mitatu, nami nina mimba ya mdogo wake. Tulimzika, lakini ofisi ya komine hatukwenda kusema amekufa. Nani anakwenda? Mnanitazama hivyo, kwani nyinyi mlikwenda? Karatasi yake ya kuzaliwa ikabaki ndani ya sanduku, chini ya vitenge.

Wa pili nilimzaa siku moja na jirani yangu wa ukuta mmoja, materniti moja, naye akapata wa kiume. Nilitoka pale na homa, maziwa hayatoki. Jirani akamchukua wangu akamweka ziwa la pili. Mwezi mzima alinyonyesha wawili. Kwa dini yetu mnaelewa maana yake, wale watoto wakawa ndugu.

Baba wa wanangu alikuwa Kongo anatafuta maisha, na muda wa kumwandikisha mtoto ukapita. Ukishachelewa ni mambo ya mahakama, leta mashahidi, rudi kesho, rudi keshokutwa. Shule ikafika, wanataka karatasi. Nikafungua sanduku. Nikajiambia, tumbo ni moja, baba ni mmoja, nani ataumia? Mwanangu akaingia shule kwa jina la marehemu mkubwa wake, na miaka mitatu isiyo yake. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilijiona mjanja. Hata jirani nilimsimulia, tukacheka.

Wakakua pamoja, wakipendana na kugombana kama watoto wa nyumba moja. Jumamosi moja asubuhi walikuwa uwanjani. Mwanangu akakosa goli la wazi. Yule mwenzake akamcheka mbele ya timu nzima: "Mumuache tu huyu, alikufaka zamani! Anatembea na karatasi ya maiti!" Wote wakaangua kicheko. Kando ya uwanja kulikuwa na nyumba inajengwa, nondo zimelala chini. Mwanangu akaokota moja, akampiga kichwani. Mara moja tu. Mtoto wa jirani alikata roho njiani wakimkimbiza hospitali.

Ile nondo aliishika mwanangu, siwezi kumtoa hapo. Lakini yale maneno yaliyomchoma, mimi ndiye niliyeyaweka duniani.

Polisi walichukua ile karatasi, wakahesabu, wakapata kumi na tisa. Wakaniuliza, "Mama, miaka yake ni hii?" Nikasema ndiyo. Niliogopa. Kudanganya serikali ni kosa, na nina wasichana watatu wanaonitegemea. Nikajituliza, kumi na sita, kumi na tisa, tofauti gani, mtu si ameshakufa?

Na kuna jingine la aibu. Mwaka uliotangulia, kijana wa mtaa wa pili alimchoma mtu kisu, watu sokoni wakabishana, ahukumiwe kitoto au kikubwa. Nani alipaza sauti kuliko wote? Mimi, mizani mkononi: "Mwenye kufanya ya wakubwa afungwe na wakubwa!" Wakanipigia makofi. Wengine wenu mlikuwepo.

Mahakamani jirani alikaa mbele. Juge akamuuliza mwanangu kama ana miaka kumi na tisa. Akageuka akanitazama, kisha akasema ndiyo. Akaulizwa waligombania nini, akasema mpira. Jirani alijua umri wake kama anavyojua wa mwanawe, naye akanyamaza. Simlaumu hata kidogo, kaburi lilikuwa bado bichi. Mwanangu akakatiwa miaka ishirini, akapelekwa kwenye gereza la wanaume.

Kila wiki nilimpelekea chakula, na kila wiki nilijua watakaokila ni wale wababe anaolala nao. Alilala sakafuni karibu na choo. Ndevu hana, sauti ndiyo kwanza inavunjika. Mwaka ukaisha hivyo. Siku moja akasukuma sahani pembeni.

"Mama, miye niko na miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Basi uliniacha huku juu ya nini?"

Akaendelea polepole, bila hasira, na afadhali angenitukana.

"Nilimuambia juge ndiyo juu we ulikuwa umekaa pale. Nikaona nikisema apana, watamufunga mama. Nikangojea useme weye."

Ya Rabi! Mama zangu, mtoto alikuwa amenikinga kwa mwili wake, na mimi mtu mzima nimejikunja nyuma yake mwaka mzima. Sikumbuki nilipita njia gani mpaka nyumbani.

Asubuhi nilikwenda kwa avoka mmoja anayetetea wafungwa maskini mahakamani, nikamwaga yote. Akasema, "Mama, kila mzazi anasema wake ni mdogo. Uko na shahidi?" Ninaye. Mmoja tu, na mlango wake sikuwa nimeukanyaga tangu msiba.

Nilimkuta jirani anachambua maharagwe. Hakunikaribisha. Nikasema nikiwa nimesimama, yeye anachambua tu, mpaka nikamaliza.

"Unataka nimusaidie mwenye kuniulia mutoto?"

"Apana. Nataka tu useme siku tulizaa."

"Toka kwangu."

Nikatoka. Haki ilikuwa yake.

Kesi ikasikilizwa tena. Nikakiri uongo wangu mbele ya watu, juge akanikemea mpaka nikatamani ardhi inimeze. Nikiwa bado nimesimama, jirani akaingia. Mkononi alishika kadi ya chanjo ya mwanawe. Akasema watafute rejista ya materniti ya siku iliyoandikwa kwenye kadi, jina lake liko mstari mmoja, langu mstari unaofuata. Juge akamuuliza kama anaelewa kwamba maneno hayo yanaweza kumpunguzia adhabu aliyemuua mwanawe.

Jibu lake nitakufa nalo: "Sijamusamehe. Lakini nilinyonyesha wote wawili. Mukisema huyu alikuwa mutu muzima, basi na wangu alikuwa mutu muzima. Apana. Wangu alikufa mutoto. Walikuwa watoto, wote wawili."

Rejista ikapatikana. Kesi ikarudiwa upande wa watoto, adhabu ikapunguzwa, mwanangu akahamishiwa kituo cha vijana anakojifunza useremala. Bado amefungwa, na ni haki, kwa sababu aliua, naye analijua hilo kuliko mtu yeyote. Mimi nami nilipata adhabu yangu, ndogo kuliko niliyostahili.

Namshukuru yule avoka. Nawashukuru nyinyi mliobeba chakula gerezani nilipougua, bila kuniuliza maswali. Nawashukuru binti zangu. Kisha nilikwenda komine kusema kwamba mwanangu wa kwanza amefariki. Karani akashangaa, "Miaka yote hii, mama, ndiyo unakuja leo?" Nikamjibu kwamba leo ndiyo namzika. Nyinyi mlio na karatasi kama ile ndani ya masanduku, nendeni. Na msikiapo watu wanapiga kelele kwamba mtoto fulani afungwe kikubwa, ulizeni kwanza ana miaka mingapi, na ni nani aliyemhesabia.

Wiki iliyopita nilimpelekea mwanangu karatasi mpya. Akasoma jina lake, akasoma tarehe yake, akapitisha kidole juu ya maandishi. Halafu akaniuliza:

"Mama, na mwenzangu angekuwa na ngapi leo?"

"Kumi na nane. Kama weye."

Akakunja karatasi, akalia.

Jirani hajanisalimia mpaka leo. Basi zile pole nilizowaambia mziweke, mpelekeeni yeye. Nyumba yake mnaijua, ni ukuta mmoja na yangu.