Pikipiki Yangu Haikukata Hata Siku Moja

Bwana asifiwe, watu wa Mpumudde! Hapana, hiyo ni sauti ya watu waliokunywa chai bila sukari. Bwana asifiwe sana! Eeh, sasa nimewasikia hata wale wa benchi la nje.

Ndugu zangu, namshukuru mchungaji kwa kunipa nafasi katika ibada hii ya Kiswahili. Najua wazee wengine hapa Kiswahili kiliwaingia masikioni kwa amri ya askari, na hata leo mtu akisema "simama" mnatafuta kitambulisho. Msiogope. Mimi Kiswahili nilikipata kwa mama yangu, mtu wa Bungoma aliyekuja Mbale kuuza viatu akaolewa hukohuko. Leo nimekileta kwa furaha tupu.

Naitwa Isaac Wamimbi, wa Malukhu, Mbale. Wengi mnanijua kwa jina la Mbuzi. Nilipewa uwanjani kwa sababu ya kuruka, na mama hakulipenda hata kidogo. Alisema siku ya mwisho mwanawe atapelekwa upande wa kushoto kabla hajaulizwa kitu! Kazi yangu ni supakrosi. Kwa wasioijua: ni mbio za pikipiki katika uwanja uliojazwa matuta ya udongo. Geti linaanguka, watu ishirini tunakimbilia kona moja, halafu tunaanza kuruka. Mwenye kuruka mbali anashinda. Mwenye kuruka vibaya anabebwa.

Na kabla sijaendelea, mnamwona yule mzee wa nyuma kabisa, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa? Ndiyo, ni Mwislamu. Ni Mnubi wa Mbale, na amekuja kanisani leo kwa ajili yangu. Jina lake Rajabu, lakini sisi tunamwita Afande. Hajawahi kuwa askari. Askari alikuwa baba yake, yeye alirithi cheo tu. Afande ni fundi wa pikipiki, na bila yeye ushuhuda huu haupo.

Ndugu zangu, mimi nilipanda haraka. Nilianza na pikipiki ya boda ya mjomba, nikiruka rundo la mchanga wa watu waliokuwa wakijenga, mpaka wenye mchanga wakaja kushtaki. Afande, ambaye banda lake liko karibu na kwetu, hakunifukuza. Alinifundisha kusikia injini. Akanitafutia pikipiki iliyochakaa, akaifufua, akanipeleka kwenye mbio zangu za kwanza. Nikashinda. Nikashinda tena. Madamu mmoja mwenye duka la vipuri hapa Jinja, katika yale majengo ya zamani yenye varanda, akanichukua katika timu yake. Nikamwambia, nakuja na fundi wangu au siji. Akakubali.

Miaka mitatu hiyo! Nilikuwa wa kwanza au wa pili, wa tatu ilikuwa msiba. Mbale walinibeba mabegani kutoka stendi mpaka Malukhu. Nilikimbia Kenya, nikawapelekea wajomba zangu wa Bungoma kombe la kuonyesha majirani. Kiburi kiliniingia, sitaficha. Nilikuwa navaa zile buti za mbio hata nikienda kununua nyanya.

Halafu likaja tuta linaloitwa Ukuta.

Liko hapa Jinja, katika uwanja wetu. Ni vilima viwili na shimo katikati. Unaruka kutoka cha kwanza, unatua nyuma ya cha pili. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, gurudumu likateleza pale pale pa kuondokea, na mimi nikatua shimoni huku pikipiki ikija nyuma yangu. Mfupa wa bega na mbavu tatu. Nililala kitandani nikihesabu mbao za dari. Lakini Mungu ni mwema, mifupa iliunga, daktari akaniambia nenda kafanye kazi.

Nikarudi. Geti likaanguka, nikatoka vizuri, nikaruka tuta la kwanza, la pili, la tatu. Nikafika Ukuta. Ndugu zangu, mkono wangu wa kulia, huu hapa unaofungulia injini mafuta kwenye usukani, ulifunga mafuta wenyewe! Mimi sikuuambia. Ulifunga tu, kabla sijafika juu, na pikipiki ikapanda kile kilima na kushuka polepole kama mwanamke mjamzito anayeshuka ngazi. Kila mzunguko hivyohivyo. Nikawa wa mwisho.

Afande akanifuata. "Nini imekupata?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni. Neno moja tu, naogopa. Lakini mimi ni Mbuzi! Mbuzi anaogopaje? Nikasema, "Inakata."

Fundi akiambiwa pikipiki inakata, kwamba injini inakosa nguvu juu ya tuta, hana budi kutafuta. Afande alifungua kabureta. Akaiosha. Akabadilisha plagi. Mbio zilizofuata, Ukuta, mkono ukafunga. Inakata, Afande. Akafungua tangi. Akafuata nyaya moja moja. Akafungua kabureta tena. Msimu mzima, ndugu zangu! Yule mzee alipiga magoti kwenye vumbi mara nyingi kuliko mimi nilivyopiga magoti kanisani.

Na mimi niliufanya uongo ule kuwa wa kiroho. Nilikwenda kwenye kanisa letu dogo la Malukhu nikasema pikipiki yangu imelogwa. Akina mama wakaja na imani yote na chupa ya mafuta ya upako. Wakapaka usukani, wakapaka tangi, wakapaka kiti, na mama mmoja mwenye bidii kuliko wote akapaka mpaka sahani ya breki. Tukasema amina. Nikapanda nitoe ushuhuda wa haraka palepale uani. Nikakanyaga breki, wapi! Niliingia na pikipiki yangu takatifu katika banda la kuku wa mchungaji. Cheka, Mama Nambozo, nakuona, cheka tu. Kuku walitawanyika mpaka barabarani. Nilipokuwa natoa manyoya mdomoni, nilijua moyoni kwamba tumempaka mafuta asiyeumwa. Mgonjwa alikuwa mpandaji. Lakini hata hapo sikusema.

Sasa sikilizeni ubaya wangu. Madamu alichoka. Akatuita dukani, mbele ya wafanyakazi wote, akamwambia Afande, "Mzee, umezeeka. Masikio yako yamekufa. Msimu mzima umeshindwa na kabureta moja." Afande akanitazama mimi. Na mimi nikatazama rafu ya minyororo kama vile nataka kununua mnyororo! Akakunja spana zake katika kitambaa chake cha bluu, moja moja, kubwa mpaka ndogo. Akasema, "Haya, Madamu, asante." Akaenda kutafuta gari la Mbale.

Nililetewa fundi mpya. Nikaletewa hata pikipiki mpya, bado ina nailoni kwenye kiti. Nikafika Ukuta, mkono ukafunga. Nikarudi nikasema, "Hii nayo inakata." Nikamwona Madamu ananiangalia vingine. Akasema imebaki mbio moja hapa Jinja. Nikishindwa, nirudishe namba yangu, nitafute kazi ya boda.

Nikakimbilia wapi? Kwa Afande, Mbale. Sikwenda kutubu, ndugu zangu, msinipe sifa ambayo si yangu. Nilikwenda kumwomba aje anisaidie, maana bila yeye nilijiona mtupu. Nilifika saa nne asubuhi nikakuta banda lake limefungwa kwa kufuli. Banda ambalo zamani pikipiki zilipanga foleni mpaka mtaroni! Nikamuuliza jirani, kuna msiba? Akanijibu, "Nani ataleta pikipiki kwa fundi ambaye kabureta ya Mbuzi ilimshinda?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Uongo wangu wa neno moja ulikuwa umefunga mlango wa mtu.

Nilimkuta nyumbani. Mkewe, Hajati, alinikaribisha kana kwamba mimi ni mtoto aliyerudi kutoka safari, akaniwekea gurusa, ule mkate wao mwembamba, na mchuzi. Nikala. Afande akasubiri ninawe mikono, halafu akauliza, "Mkono inaendelea aje?"

Nikasema bega limepona kabisa.

"Sijauliza bega. Nauliza mkono ya mafuta."

Ndugu zangu! Nilihisi kama paa la nyumba limeondolewa nikaonekana kutoka juu. Nikamuuliza amejuaje. Akanijibu kwa upole, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Injini ikitaka kukata, inakohoa kwanza. Yako haikukohoa hata siku moja. Ilikuwa inanyamaza vizuri tu. Mimi nilisikia siku ile ya kwanza."

Siku ya kwanza! Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Madamu. Akasema, "Ningesema, wangekunyang'anya pikipiki. Nikaona wacha nifungue kabureta. Nikifungua, nikifungua, labda huyu mtoto atachoka na uongo. Lakini wewe hukuchoka, mimi ndiyo nilichoka." Halafu sauti yake ikabadilika. "Na ile siku kwa duka iliniuma sana, Isaka. Iliniuma sana."

Hakuwahi kuniita Isaka. Nililia mbele ya Hajati, mtu mzima mwenye makombe. Nikamwomba msamaha. Akaniambia amekwisha samehe, lakini hatanisemea. "Wewe ulifunga kwa mdomo, wewe utafungua kwa mdomo."

Nikatoka pale nikapiga magoti nyuma ya lile banda lililofungwa, mchana kweupe, watu wanapita. Nikasema, Bwana Yesu, nimekuomba uiponye pikipiki mwaka mzima. Leo nakuomba uniponye mimi. Sikusikia sauti wala sikuona mwanga. Nilipata kitu kimoja tu: hamu ya kusema ukweli, kubwa kuliko aibu yake.

Siku ya mbio, kabla ya kuanza, mtangazaji huwa anapita na kipaza sauti, kila mpandaji anasema jina na kujigamba kidogo. Ndiyo desturi yetu. Mmoja akasema atawapikia vumbi chakula cha mchana. Mwingine akasema wake zetu waandae bandeji. Alipofika kwangu watu wakapiga kelele, "Mbuzi! Mbuzi!" Nikashika kile kipaza sauti. Nikasema: "Mimi ni Isaac Wamimbi. Pikipiki yangu haikukata hata siku moja. Naogopa Ukuta. Nilidanganya msimu mzima, na Afande Rajabu wa Mbale akafukuzwa kwa uongo wangu. Masikio yake ni mazima. Aliyekuwa mgonjwa ni mimi."

Nikarudisha kipaza sauti. Nikafikiri, basi, nimekwisha. Halafu Okello, mpinzani wangu wa miaka yote, yule aliyesimama geti la jirani, akavua helmeti akapaza sauti, "Kumbe hata wewe? Mimi ile kitu naiogopa mpaka tumbo inauma!" Uwanja mzima ukaangua kicheko! Wakacheka, wakapiga makofi, na mimi nikacheka pamoja nao, na ndani ya kile kicheko kitu kikatoka kifuani mwangu. Nilikisikia kikitoka. Nilikuwa mwepesi! Haleluya!

Geti likaanguka. Mzunguko wa kwanza nilifika Ukuta, mkono ukafunga. Nikapita polepole, nikawapungia watu mkono. Sikuwa na la kuficha. Wa pili, ukafunga nusu. Wa tatu nikasema kwa sauti ndani ya helmeti, Bwana, mkono ni wako. Ukabaki wazi! Ndugu zangu, niliruka! Nililiona shimo lile chini yangu, dogo kama sufuria, nikatua nyuma ya kilima cha pili laini kabisa, nikapiga kelele mpaka miwani ikajaa ukungu. Nilimaliza wa tano. Wa tano, na hakuna kombe nyumbani kwetu ninalolipenda kama wa tano ile.

Madamu hakunifukuza. Kesho yake alifunga duka, akaenda Mbale mwenyewe, akamwomba Afande msamaha mbele ya majirani na lile banda likiwa wazi. Afande akakubali kurudi kwa sharti moja tu, kwamba hakuna mtu yeyote, wa dini yoyote, atakayegusa breki kwa mafuta ya upako. Msimu huu nimepata wa tatu, nimepata wa pili, na mara moja nimeanguka kama gunia, na yote ninamshukuru Mungu. Siku hizi nikiogopa nasema, Afande, leo naogopa. Anasema sawa, na anaendelea kukaza boliti.

Sasa nakugeukia wewe uliyekaa hapa. Labda hujawahi kupanda pikipiki. Lakini una "inakata" yako. Ni mume, ni biashara, ni majirani, ni wachawi, na kila wiki unaleta pikipiki mbele iombewe. Njoo mwenyewe. Usiogope kwamba Bwana atashtuka. Amekwisha sikia tangu siku ya kwanza, na bado anakupenda, na bado anapiga magoti kwenye vumbi lako akingoja uchoke na uongo. Mwambie tu.

Nami nimalizie deni moja la mdomo. Pale dukani walipomwaibisha mzee huyu, mimi nilitazama minyororo. Leo sitazami kando. Afande, tafadhali simama wakuone. Simama, mzee wangu, hapa hakuna anayeomba kitambulisho. Kanisa, huyu ndiye fundi wangu. Masikio yake ni mazima.